Kinaya Kisicho Tashtiti: Kutoka Yakobi (1905) hadi Isimani (1971)

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, istilahi za kinaya, kejeli, dhihaka na tashtiti hazijapata kutulia. Wahakiki wengi huitumia tashtiti kwa maana ya utungo unaofichua uovu wa jamii kwa kicheko, ilhali katika madarasa mengi ya sekondari nchini Kenya neno hilohilo hufundishwa kuwa ni swali ambalo jibu lake linajulikana. Kejeli nayo hubebeshwa mizigo yote. Mkanganyiko huu ungekuwa jambo la watunga kamusi peke yao kama usingeathiri namna kazi zinavyosomwa. Athari hiyo huwa nzito zaidi pale ambapo fasihi imegusa historia ya watu waliokufa.

Kinaya, kwa msingi wake, ni pengo: baina ya lisemwalo na lililo kweli, au baina ya kinachotarajiwa na kinachotokea. Pengo hilo halihitaji mkosaji. Tashtiti huhitaji vitu viwili zaidi, yaani shabaha na kipimo: awepo anayechekwa, na msomaji ajue ni kwa kanuni ipi anachekwa. Jonathan Swift alipopendekeza mwaka 1729 kwamba watoto wa maskini wa Ireland waliwe, kinaya kilikuwa chombo tu. Kazi yenyewe ilikuwa tashtiti. Vivyo hivyo, katika Kusadikika (1951) Shaaban Robert anamsimamisha Karama mbele ya mshtaki aitwaye Majivuno. Jina peke yake limekwisha kutaja kosa, na sheria anayoitetea Karama ndiyo kipimo. Msomaji hapati taabu ya kujua asimame upande gani.

Hali ni tofauti katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Maji yake yaliendelea kusafiri bila yeye. Mwezi Septemba wapiganaji wa Mbeyela, mtemi wa Wabena, waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na mji wa Njombe wa leo, na wakarudishwa nyuma kwa bunduki. Jamie Monson, katika utafiti wake wa mwaka 1998 kuhusu Nyanda za Juu Kusini, ameonyesha kwamba ushirikiano na ushindani wa watawala wa huko ulikuwa na uzito mkubwa katika uamuzi wa kupigana au kutopigana. Kwa maneno mengine, waliokwenda Yakobi hawakuwa kundi la watu lililopumbazwa na dawa.

Hata hivyo, kwa mwandishi aliyetaka kuandika tashtiti, malighafi ilikuwa tayari. Maelezo ya kikoloni yalikwisha kuwachora wapiganaji kama watu waliodanganywa na mganga. Hussein hakuifuata njia hiyo. Alitahadharisha kuwa Kinjeketile wake ni kiumbe cha kisanaa, na badiliko kubwa alilolifanya ni kumwacha hai hadi baada ya kushindwa. Badiliko hilo ndilo linaloijenga tamthilia, kwa kuwa kinaya cha aina hii kinahitaji mtu anayejua. Kinjeketile wa jukwaani anatambua kwamba ujumbe aliotoa akiwa amepandwa na Hongo unaahidi ukombozi na papo hapo unawafanya watu kuwa watoto wa Seyyid Said. Uhuru umekuja na bwana mwingine ndani yake. Lakini neno limekwisha kumtoka na limekuwa mali ya watu. Mwishoni, anapotakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo, anakataa, ingawa shaka anayo. Mtazamaji anajua kuwa risasi haikugeuka maji. Anajua pia kwamba bila maji umoja ule usingepatikana.

Nani basi achekwe? Si Kinjeketile, wala si waliomwamini, na Wajerumani hawamo katika tamthilia ili kuchekesha. Pengo lipo, tena pana, lakini hakuna shabaha. Mhakiki anayeilazimisha kazi hii iwe tashtiti ya imani za jadi anarudia, kwa istilahi za kitaaluma, maelezo ya maofisa wa mwaka 1905.

Tatizo hilo linajirudia kwa kazi nyingine iliyohusishwa na nyanda hizohizo. Njombe, pamoja na Iwawa iliyo leo makao makuu ya Wilaya ya Makete, ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa huo, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi huko Isimani na mkulima wa mahindi, Saidi Mwamwindi, ambaye baada ya hapo aliupeleka mwili mwenyewe kituo cha polisi. Mahakama Kuu ilimhukumu kifo. Miaka minne baadaye ilitoka Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, ambamo Tumaini, mkulima tajiri anayenyang'anywa mali chini ya siasa ya ujamaa, anamuua mtawala na kunyongwa. Riwaya haikuwekwa Isimani na Tumaini si Mwamwindi, ila wahakiki hawakuacha kuyaona mambo hayo mawili pamoja.

Wakatofautiana juu ya anayepigwa vijembe. Upo usomaji unaomwona Tumaini kuwa bepari anayestahili mwisho wake. Upo mwingine unaoiona serikali ndiyo inayosutwa. Kama riwaya hii ingekuwa tashtiti, ugomvi huo ungeamuliwa kwa kipimo kilichomo ndani yake. Kipimo hakipatikani. Mtu aitwaye Tumaini anaishia kitanzini, na jina linamuuma bila kumhukumu yeye wala waliomnyonga. Anwani nayo inaipa dunia nzima ile fujo, haimwachii yeyote mahali pa nje pa kusimama na kucheka.

Si kwamba Kezilahabi hakuijua tashtiti. Katika Kaptula la Marx, Rais Kapera anavaa kaptula ya Marx isiyomwenea na kuanza safari ya kuitafuta Nchi ya Usawa. Shabaha inaonekana kabla hata ya mazungumzo kushika kasi, na kipimo kimo katika vazi lenyewe: fikra zilizokatwa kwa mwili mwingine. Tamthilia hiyo iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini ikachapishwa katika miaka ya 1990, wakati Dunia Uwanja wa Fujo ilichapishwa mwaka 1975, ujamaa ukiwa katika kilele chake. Inavutia kuhitimisha kuwa kinaya kilikuwa maficho na tashtiti ndiyo sauti halisi iliyongoja kufunguliwa mlango. Hitimisho hilo linaifanya riwaya kuwa tashtiti iliyoogopa kujitaja, na linapoteza kile ambacho Kaptula la Marx haikukusudia kukifanya. Kapera anaweza kuvuliwa kaptula na mchezo ukaeleweka. Katika riwaya ya mwaka 1975 wamekufa watu wawili, na matini haisemi ni kifo kipi kilichokuwa haki.