Ngitili ilitangulia fedha za hewa

Siku hizi kila kukicha twasikia habari za hewa ya ukaa: mkulima atunze miti, miti ifyonze hewa hiyo, na mwenye kiwanda ng'ambo alipe. Mimi siipingi habari hiyo. Lakini kabla mwanakijiji hajatia saini, naomba tupite kwanza Shinyanga.

Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani. Mvua zikianza, sehemu ya malisho ilifungwa ili nyasi na miti vikue. Kiangazi kikikaza, ng'ombe waliingizwa. Katika miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza ilianza kufyekesha vichaka kuwaangamiza mbung'o. Pamba nayo ikadai mashamba zaidi. Halafu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, na ngitili nyingi zikabaki nyuma bila mwenyewe. Kuni zikaadimika hata akina mama wakapikia samadi na mabua ya pamba.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walikuwapo, lakini kilichoirudisha miti kwa wingi ni ngitili ileile: ardhi ikafungwa, visiki vikachipua. Mvunja sheria alifikishwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, akatozwa faini. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerudi katika zaidi ya hekta 300,000. Watu walipata kuni, malisho, asali, dawa na nyasi za kuezekea. Hawakungoja bei ya hewa.

Fedha za hewa zilifuata nyuma. Baada ya Tanzania na Norwei kutia saini mwaka 2008, mradi wa majaribio ulifika Kahama na Shinyanga Vijijini. Nao ulikuwa na mwisho wake. Mwaka 2022 serikali ikatoa kanuni za biashara hiyo.

Basi mnunuzi akija, mwanakijiji aulize: Miti hii ni ya nani? Mkataba ni wa miaka mingapi? Je, kiangazi ng'ombe wangu ataingia? Akijibiwa hapana, hiyo si ngitili tena, na historia imetuonyesha mti usio na mwenyewe huishia wapi.

Fedha na zije, zimkute mwenye ngitili akiwa bado mwenyewe. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.