Laptopu yako ya zamani inakwama? Usiitupe, iwekee Linux

Kama laptopu yako ina RAM ya GB 2, Windows 11 sahau: yenyewe inataka angalau GB 4. Linux Mint Xfce, mfumo endeshi wa bure, inaanzia GB 2. Kama prosesa ni ya biti 32, chukua antiX.

Tafuta flashi ya GB 8, uandike mfumo humo kwa programu ya Rufus. Washa mashine kupitia flashi, ujaribu Wi-Fi na sauti kabla ya kusakinisha.

Angalizo: ukichagua kufuta diski nzima, picha na mafaili yote yanaondoka. Yahamishe kwanza.

Na usitarajie miujiza: ukifungua tabo nyingi za brauza, GB 2 bado zitaelemewa.