Karatasi yenye tarehe ya 2009: historia ya kompyuta tunazojiundia hapa Wamaza

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Wamaza, Kasongo na Kabambare, na ninyi wahami wa vita ambao mnatufuata kutoka mahali mlipopata kivuli, leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya muhogo. Leteni viti karibu, niwaeleze habari ya saa.

Mama mmoja mhami, aliyefika hapa na watoto wanne kutoka upande wa Kabambare, alinijia na karatasi mkononi. Ilikuwa cheti cha mtoto wake, kilichoandikwa upya kwa sababu kile cha kwanza kiliungua pamoja na nyumba. Shule ilikataa kukipokea. Nikasoma: mtoto amezaliwa 2014, na chini kabisa, karibu na sahihi, karatasi imeandikwa tarehe 1 Januari 2009. Yaani mtoto aliandikishwa miaka mitano kabla hajazaliwa. Mwalimu alidhani ni karatasi ya uongo, na mimi simlaumu. Mama alikuwa amelipa pesa yake ya mwisho kwa kijana wa fotokopi.

Tulikwenda kwa yule kijana. Kompyuta yake, au ordinateri kama tunavyozoea kusema huku, ilikuwa ya kuunganishwa kwa mkono: sanduku la aina moja, boksi la umeme la aina nyingine, diski iliyotoka kwenye mashine iliyokufa. Akatuambia, “Papa, mimi siandiki tarehe. Mashine inajiandikia yenyewe.” Fundi wa redio akaitwa, akafungua vis nne, akachungulia kwa tochi ya simu, akasema, “Mama, mtoto wako hana kosa, na huyu kijana si mwongo. Saa ya mashine imekufa.” Ndani ya kompyuta nyingi za mezani kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuishikia mashine saa na tarehe wakati haina umeme.

Zamani betri hiyo haikuwako. Mwaka 1975 kampuni ndogo ya Marekani, MITS, iliuza Altair 8800 kwa watu waliotaka kujiundia nyumbani. Mtu alipata vipande katika boksi, akavichomelea mwenyewe. Haikuwa na kibodi wala kioo, ila taa na swichi tu. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ikatangaza mashine yake ndogo, na kwa kuwa walikuwa na haraka, walinunua sehemu nyingi kwa makampuni mengine: prosesa kwa Intel, programu kwa Microsoft. Ndipo wengine wakaona kumbe sehemu hizo zinanunulika! Mwaka uliofuata Compaq ikatangaza mashine inayoendesha programu zilezile, na tangu hapo kompyuta ikawa kama baiskeli, kwamba fremu unatoa huku na gurudumu unatoa kule. Lakini ile IBM ya 1981 ilikuwa inasahau tarehe kila ikizimwa. Ukiiwasha bila kuiandikia tarehe, iliamini ni 1 Januari 1980. Mwaka 1984 tu, katika mashine yao iliyoitwa AT, ndipo waliweka saa yenye betri. Kwa hiyo kompyuta ya kijana wetu ilikuwa imerudi utotoni.

Mbona betri inakufa haraka kwetu? Kule zinakotoka, kompyuta hukaa imechomekwa ukutani mchana na usiku, na hata ikiwa imezimwa, umeme kidogo unaendelea kuilinda saa. Hapa tunaiwasha kwa jenereta au kwa batri ya jua saa mbili, halafu tunakata yote. Usiku kucha ni ile sarafu peke yake inayofanya kazi. Na tayari ilikuwa imezeeka kabla ya kuvuka ziwa.

Maana kompyuta hizi nazo zina njia. Nyingi zilitumika miaka katika maofisi ya Ulaya, Marekani au Ghuba, zikauzwa kwa jumla, zikashuka Dar es Salaam, zikapanda kwenda Kigoma, kwa reli iliyofika huko mwaka 1914, zikavuka Tanganyika. Kutoka upande wa Baraka na Fizi zinakuja juu ya pikipiki kupitia Lulimba na Kabambare. Wazee watakumbuka hadithi za babu zao: ni karibu njia ileile ya misafara. Livingstone alikwama Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, mwaka 1870, na Tippu Tip aliijenga nguvu yake Kasongo, pembe za ndovu zikitoka huku kuelekea Ujiji, Tabora na Zanzibar, na watu wetu wakiwa wamefungwa minyororo. Nguo na shanga zilirudi. Kiswahili hiki ninachowaandikia kilikuja kwa njia hiyo. Na hata jirani zetu hawakupata mashine hizi kirahisi: Tanzania ilikuwa na kompyuta katika Wizara ya Fedha tangu 1965, lakini mwaka 1974 serikali yake ilipiga marufuku kuingiza nyingine, baada ya kuona hasara. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye.

Sasa jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Fundi alipochomoa ubao mkuu, alinionyesha alama za fedha zinazong’aa kila mahali waya unapokutana na ubao. Ni lehemu. Mafundi wetu wanaiita etain, na etain kwa Kifaransa ni bati, kile kinachotoka katika mawe ya kasiterite. Wazee waliofanya kazi Kalima wanaijua hiyo habari kuliko mimi. Kampuni ya Symétain iliundwa 1932 kuchimba bati la Maniema. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Wajapani walipoteka Malaya mwaka 1942, bati la Kongo likawa la lazima kwa Waingereza na Wamarekani, na waliolipa kwa jasho ni wababu zetu waliosukumwa machimboni. Mwaka 1976 makampuni ya Kivu na Maniema yakaunganishwa kuwa SOMINKI. Oktoba 1985 soko la bati la London likaanguka, na kazi ya Kalima ikaanza kufa.

Lehemu ya zamani ilikuwa bati sehemu 63 na risasi sehemu 37 katika mia, nayo huyeyuka kwa nyuzi 183. Julai 2006 Ulaya ilikataza risasi katika vyombo hivi, kwa sababu ni sumu, na tangu hapo lehemu imekuwa karibu bati tupu, zaidi ya 96 katika mia, pamoja na fedha na shaba kidogo. Hiyo inataka nyuzi 217 hivi. Hili si jambo la vitabuni tu. Fundi anayepasha chuma chake juu ya makaa anaweza kutengeneza ubao wa 2004 vizuri, lakini ubao wa 2010 utamsumbua, chuma kitapoa kabla lehemu haijayeyuka, na akikazana ataung’oa mstari wa shaba pamoja nayo.

Karibu na prosesa kuna vipande vidogo vya rangi ya njano au nyeusi, vyenye mstari upande mmoja. Vingi ni kapasita za tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Mwishoni mwa 2000 bei ya koltani ilipanda kwa namna ya wazimu, watu wakaacha mashamba, na 2001 ikaanguka. Mnajua ni bunduki za nani zilizokula faida hiyo. Julai 2010 Marekani ikatunga sheria inayoyalazimu makampuni makubwa kueleza kama bati, tantali, wolframu na dhahabu yao inatoka kwetu, na Septemba hiyo hiyo Rais Kabila akafunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Na meno ya RAM, yale ya rangi ya manjano? Yamepakwa dhahabu, kwa sababu dhahabu haishiki kutu. Namoya iko hapo tu, karibu na Salamabila. Wengine kati yenu mmekimbia kutoka huko huko.

Mimi niliposikia hayo nilikaa kimya kidogo. Kisha kijana akauliza swali la maana zaidi: “Fundi, kama nataka kuunda nyingine, ninunue nini?”

Jibu la kwanza lilikuwa juu ya umeme. Nyuma ya maboksi mengi ya umeme kuna swichi nyekundu yenye 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huwa imewekwa kwenye 115. Ukiichomeka kwenye 220 yetu bila kuangalia, utasikia mlio kama wa baruti na moshi utakutoa nje. Vijana wahami waliochanga pesa mwaka jana ili kuandika barua za watu walipoteza boksi lao namna hiyo, siku ya kwanza. Ubao wao ulipona, lakini walikuwa wamekwisha kuuza kila kitu kwa hasara kwa kuamini mashine yote imekufa! Kuliko swichi, chagua boksi lililoandikwa 100–240V. Hilo linajirekebisha lenyewe, na linavumilia jenereta inayopanda na kushuka.

La pili ni prosesa, na hapa historia inakuokolea pesa. Pentium 4 za mwaka 2004 na kuendelea zilikula umeme vibaya, nyingine wati 115 peke yake. Julai 2006 Intel ikatoa Core 2 Duo, yenye nguvu zaidi, ikila wati 65 hivi. Piga hesabu. Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, na usiyotaka kuiua usiitumie kupita nusu, yaani 600. Pentium 4 na kioo kile kizito cha zamani vitakula wati 200 pamoja: saa tatu basi, na kabla ya kuhesabu kinachopotea katika kugeuza umeme. Mashine ya miaka ya karibuni na kioo chembamba ni wati 70 hivi, zaidi ya saa nane. Anayekuuzia Pentium 4 kwa bei ya chini anakuuzia deni la petroli.

RAM usinunue kwa kukadiria macho. DDR2 ilikuja 2003, DDR3 2007, DDR4 2014, na pengo katikati ya meno limehamishwa kila mara ili zisiingiliane. Chukua ile ya zamani mkononi ukailinganishe. Diski, kama pesa inaruhusu, chagua isiyo na sahani inayozunguka. Barabara ya Lulimba kwenye pikipiki haina huruma na ile yenye sindano. Sanduku na ubao, tangu Intel ilipotoa kipimo cha ATX mwaka 1995, kwa kawaida hukubaliana, ila jihadhari na masanduku membamba ya maofisi: boksi la umeme la mengi ni la kwake peke yake, likifa huna la kuweka.

Na mashine ikikataa kuwaka? Fundi wetu anaanza nje na kuingia ndani. Waya, swichi nyekundu, kisha vumbi. Halafu anatazama kapasita zile ndefu kama makopo madogo. Kati ya 1999 na 2007 zilitengenezwa nyingi mbovu sana, zikavimba juu na kuvuja kwenye mbao za dunia nzima. Kichwa cha kopo kikiwa bapa ni kizima, kikiwa na tumbo ni mgonjwa, usiununue ubao huo hata kwa bure. Kisha anachomoa RAM, anasugua meno kwa raba ya shule, taratibu, maana dhahabu ile ni utando tu, na anarudisha kipande kimoja kimoja. Ikilia bila kuonyesha kitu kwenye kioo, mara nyingi ni hapo. Hutoa kila kitu kisicho cha lazima, anawasha, anaongeza kimoja. Mashine mbili kati ya tatu alizoletewa nikiwapo ziliamka kwa raba.

Ile ya kijana wetu haikuhitaji hata hivyo. Betri ilipimwa, ikaonyesha volti 1.9. Mpya ilipatikana kwa muuza saa na rimoti sokoni. Lakini angalieni: ukibadilisha betri tu bila kuingia katika mipango ya mashine wakati inawaka na kuandika tarehe upya, itaendelea kudanganya. Tarehe ile ya uongo nayo ina faida moja: mara nyingi mwaka ambao mashine inaurudia ni ule ubao wake ulipotengenezwa. Ndivyo tulivyojua kwamba huu ni wa 2009, na kwamba RAM ya DDR4 aliyokuwa karibu kununua kijana isingeingia kamwe.

Karatasi ya mama ilichapwa tena bila malipo, akaipeleka kwa sahihi na muhuri. Kijana amefungua orodha yake na kukuta barua nyingine za wahami zenye 1 Januari 2009. Kama uliandikiwa barua au cheti hapa sokoni miezi iliyopita, tazama tarehe iliyo chini. Ikiwa ni hiyo, mletee, atachapa upya. Mtoto alianza shule Jumatatu.