Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Wahusika Wasaidizi na Mahasimu katika Hadithi za Spider-Man, 1962–1973

1. Utangulizi

Hadithi za katuni hazijapata heshima kubwa katika idara zetu za lugha na fasihi. Aghalabu huhesabiwa kuwa burudani ya watoto, na mwanafunzi azitajaye katika semina hutazamwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Mwandishi wa makala haya naye alikuwa na dharau hiyo hiyo mpaka alipokwenda masomoni ng'ambo, akakuta matoleo ya zamani ya hadithi hizo yamehifadhiwa maktabani pamoja na magazeti na riwaya, yakisomwa kama ushahidi wa historia. Katika kuyasoma ndipo lilipozuka swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu: katika hadithi inayoendelea miaka nenda miaka rudi bila ya kufikia mwisho, ni nani hasa abebaye mzigo wa wakati?

Jibu la haraka ni kwamba mzigo huo hubebwa na shujaa. Kwa maoni yetu jibu hilo si sahihi. Shujaa wa hadithi ya namna hii hawezi kufa, wala hawezi kubadilika sana, kwa sababu jina lake ndilo liuzwalo. Wanaozeeka, wanaopotoka, wanaotubu na wanaokufa ni wale waliomzunguka: jamaa zake, rafiki zake, mwajiri wake na mahasimu wake. Tutajaribu kulithibitisha jambo hili kwa kuzitazama hadithi za Spider-Man zilizochapishwa nchini Marekani na kampuni ya Marvel tangu 1962 hadi 1973, kisha tutaitupia jicho miaka iliyofuata.

2. Mwizi Asiye na Jina

Spider-Man alitokea mara ya kwanza katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, lenye tarehe ya Agosti 1962. Mwandishi alikuwa Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Mfululizo wake mwenyewe, The Amazing Spider-Man, ulianza Machi 1963. Kisa chenyewe ni kifupi. Peter Parker, kijana yatima asomaye shule ya sekondari katika jiji la New York, anaumwa na buibui aliyepatwa na miale ya nyuklia. Anapata nguvu za ajabu, na jambo la kwanza analolifanya ni kujitafutia fedha na sifa. Siku moja mwizi anapita mbele yake akikimbizwa na mlinzi, naye anamwacha aende zake, kwani kumkamata si kazi yake. Haipiti muda mrefu mwizi huyo huyo anamwua Ben Parker, mlezi wa kijana.

Hapa yapasa tuangalie msamiati wa ujamaa. Kiingereza hutosheka na neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili hakikubali kuwachanganya watu hawa. Ben ni ndugu yake Richard Parker, baba mzazi wa Peter. Kwa hiyo ni ami, wala si mjomba. Tofauti hii si ya maneno matupu, kwa maana ami ni baba. Aliyekufa kwa uzembe wa kijana huyu ni baba yake wa pili, na mjane aliyeachwa, yaani May, ni mama yake kwa kila hali isipokuwa ya kuzaa. Mfasiri atakayeandika "mjomba" na "shangazi" kwa mazoea atakuwa ameupunguza uzito wa kosa lenyewe.

Hasimu wa kwanza, basi, hana jina, hana vazi la ajabu, wala hana nguvu zozote. Ni mwizi wa kawaida aliyepewa nafasi na shujaa mwenyewe. Hapa pana ufunguo wa mfululizo mzima. Ubaya hauji kutoka mbali. Huingia kwa mlango wa nyumba, na mara nyingine mwenye nyumba ndiye aliyeuacha wazi. Wahenga wetu waliosema kwamba kikulacho ki nguoni mwako hawangeona ajabu yoyote katika kisa hiki.

3. Watu wa Kazini na wa Shuleni

Katika hadithi nyingi za mashujaa zilizotangulia, wahusika wasaidizi walikuwa na kazi mbili tu: kuokolewa na kustaajabu. Katika hadithi za Spider-Man wana kazi ya tatu, nayo ni kumsumbua shujaa kwa haki zao.

Tumchukue J. Jonah Jameson, mwenye gazeti la Daily Bugle, ambaye yumo tangu toleo la kwanza la 1963. Katika toleo hilo Spider-Man anamwokoa mwanawe, rubani wa chombo cha angani, na malipo yake ni makala ya kumtukana. Peter, akihitaji kodi ya nyumba na dawa za May, anampigia Jameson picha za Spider-Man. Yaani anamwuzia msingiziaji wake zana za kumsingizia. Katika toleo la 10, la Machi 1964, Jameson akiwa peke yake anakiri kwamba chuki yake yatokana na wivu: amemwona mtu atendaye wema bila ya kutaka malipo, naye hawezi kumfikia. Kuanzia hapo haiwezekani tena kumwita mchekeshaji tu. Tena katika toleo la 20, la Januari 1965, anatoa fedha yake ili mtu aitwaye Mac Gargan ageuzwe kuwa kiumbe chenye nguvu za kumshinda Spider-Man. Kiumbe huyo, Scorpion, anarukwa na akili na kuwa mhalifu. Hivyo mhusika msaidizi amezaa hasimu.

Flash Thompson naye, kijana mchokozi wa shuleni, anamdharau Peter na kumtukuza Spider-Man bila ya kujua kwamba ni mtu mmoja. Kejeli hii ni nyepesi kuieleza, lakini yasema jambo zito: sifa na dharau zote mbili zinaweza kumkosa mwenyewe.

4. Mahasimu

Mahasimu wakuu walitokea kwa haraka ya kustaajabisha. Vulture alitokea Mei 1963, Doctor Octopus Julai, Lizard Novemba, Electro Februari 1964, Mysterio Juni, Green Goblin Julai, Kraven Agosti. Kwa muda wa miezi kumi na sita tu, karibu baraza zima lilikuwa limekwisha kukaa.

Tukiwatazama kwa pamoja twaona kwamba wengi wao ni watu wazima waliosoma au wenye ufundi. Vulture ni mhandisi mzee. Octopus ni mwanasayansi wa nyuklia ambaye ajali imemwunganisha na mikono ya chuma aliyoibuni mwenyewe. Lizard ni Dakta Curt Connors, aliyepoteza mkono mmoja akajaribu kuuotesha upya kwa kujifunza tabia ya mijusi. Peter naye ni mwanafunzi hodari wa sayansi, na nguvu zake zimetokana na ajali ya maonyesho ya kisayansi. Mahasimu hawa, kwa hiyo, si kinyume chake. Ni yeye mwenyewe kama ambavyo angekuwa lau asingekuwa na May wa kumrudia nyumbani. Connors ndiye mfano ulio bora, kwa kuwa ana mke na mtoto, na Spider-Man halengi kumwangamiza bali kumponya. Baada ya kupona, Connors anakuwa rafiki. Mpaka kati ya msaidizi na hasimu umevukwa mchana kweupe.

Mahasimu hawakuishia kuvuka mpaka huo, walihamia nyumbani. Katika toleo la 54, la Novemba 1967, Doctor Octopus anapanga chumba katika nyumba ya May, naye May anamwona mgeni mstaarabu. Katika toleo la 131, la Aprili 1974, nusura wafunge ndoa. Msomaji anacheka, lakini kicheko chenyewe kina hofu ndani yake.

Aliyezidi wote ni Green Goblin. Kwa miaka miwili msomaji hakuuona uso wake. Katika toleo la 39, la Agosti 1966, ambalo ndilo la kwanza la mchoraji John Romita baada ya Ditko kuondoka, uso unafunuliwa: ni Norman Osborn, tajiri wa viwanda na baba wa Harry, rafiki ya Peter chuoni. Katika toleo la 40 Osborn anapoteza kumbukumbu ya uovu wake. Peter anakubali kunyamaza, na kwa miaka kadhaa anamwamkia kwa adabu mtu ambaye anajua kwamba siku akikumbuka atamwua. Hapana tena "adui" kwa maana ya mgeni. Kuna mzee wa rafiki, maradhi yake, na siri.

5. Historia Yaingia kwa Mlango wa Nyuma

Miaka hiyo Marekani ilikuwa katika misukosuko mikubwa: kudai haki za watu weusi, vita vya Vietnam, maandamano ya wanafunzi. Misukosuko hiyo iliingiaje katika hadithi ambayo shujaa wake hawezi kuwekwa upande wowote bila ya kuhatarisha mauzo? Iliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia kwa wahusika wasaidizi.

Flash Thompson ndiye aliyeitwa jeshini, Peter hakuitwa. Mnamo Agosti 1967, katika toleo la 51, aliingia Joe Robertson, mhariri wa habari za jiji katika Daily Bugle. Ni mtu mweusi, mwenye busara kuliko mwajiri wake, na hakuchorwa kwa dhihaka iliyokuwa imezoeleka katika katuni za zamani. Mwanawe, Randy, ni mwanafunzi. Katika toleo la 68, la Januari 1969, miezi michache baada ya ghasia za Chuo Kikuu cha Columbia za 1968, Randy na wenzake wanaandamana wakitaka jengo la chuo litumiwe kuwa malazi ya wanafunzi wasiojiweza. Peter mwenyewe anasimama pembeni. Wahakiki wamezoea kumlaumu shujaa kwa kusita huko. Sisi twaona kwamba ndio utaratibu wa utanzu wenyewe. Msaidizi hutenda kile ambacho shujaa hakuruhusiwa kukitenda.

Mfano mkubwa zaidi ni wa 1971. Wizara ya Afya, Elimu na Ustawi ya Marekani ilimwomba Stan Lee aandike hadithi ya kuonya juu ya dawa za kulevya. Lakini wachapishaji walikuwa wamejifunga tangu 1954 na kanuni za Comics Code, ambazo hazikuruhusu dawa hizo zitajwe kwa namna yoyote, hata kwa kuzilaani. Matoleo ya 96, 97 na 98, ya Mei hadi Julai 1971, yalitoka bila ya mhuri wa idhini, na mwaka huo huo kanuni zikalegezwa juu ya suala hilo. Ni nani aliyekunywa vidonge vile? Ni Harry Osborn, mhusika msaidizi. Kanuni ya miaka kumi na saba ilitikiswa kwa mgongo wa kijana ambaye jina lake halimo juu ya jalada.

6. Daraja la 1973

Katika toleo la 90, la Novemba 1970, Kapteni George Stacy, askari mstaafu, alikufa chini ya kifusi akimwokoa mtoto wakati Spider-Man akipigana na Octopus. Kifo hicho kilikuwa utangulizi. Katika toleo la 121, la Juni 1973, lililoandikwa na Gerry Conway na kuchorwa na Gil Kane, Norman Osborn akiwa amekwisha kukumbuka alimtupa kutoka darajani Gwen Stacy, binti wa kapteni na mchumba wa Peter. Spider-Man alimdaka kwa utando wake. Karibu na shingo ya binti, mchoro una herufi chache za mlio wa kitu kinachovunjika. Gwen alivutwa juu akiwa maiti. Wahariri baadaye waliwajibu wasomaji kwamba kusimamishwa ghafula ndiko kulikomwua.

Tutambue mviringo wa mambo. Mnamo 1962 Peter hakunyosha mkono, na ami yake akafa. Mnamo 1973 aliunyosha, na mchumba wake akafa. Hasimu na mwokozi wameshirikiana, bila ya kukusudia, katika kifo kimoja. Katika toleo la 122 Osborn anauawa na chombo chake mwenyewe cha kurukia. Ukurasa wa mwisho hauhusiki na ushindi wowote. Mary Jane Watson, msichana ambaye tangu kuonyeshwa uso wake Novemba 1966 alijulikana kwa ngoma na mzaha, anafukuzwa kwa maneno makali na Peter. Anafika mlangoni, anasita, anaufunga mlango, na kubaki ndani. Katika picha hizo chache mhusika aliyedhaniwa kuwa mwepesi anakua kuliko shujaa alivyokua katika miaka kumi na moja.

7. Hitimisho

Baada ya hapo wachapishaji waliingiwa na hofu ya wakati. Mnamo 1975 aliletwa kiumbe mwenye sura ya Gwen. May alikufa 1995, na 1998 ikaelezwa kwamba aliyekufa alikuwa mwigizaji. Norman Osborn alirudishwa mwishoni mwa 1996, na Harry, aliyekufa 1993, akarudishwa 2008. Ndoa ya Peter na Mary Jane, iliyofungwa 1987, ilifutwa mwishoni mwa 2007 kwa mapatano na pepo ili May apone. Hadithi iliendelea, lakini saa yake ilikuwa imerudishwa nyuma.

Sisi tuliokua na kisa cha Fumo Liyongo twaweza kuiona tofauti. Liyongo naye aliuawa na wa nyumbani mwake, mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni. Lakini kisa chake kina mwisho, na mwisho huo ndio unaompa ukubwa. Mfululizo wa kibiashara hauwezi kumwua Liyongo wake; hivyo mwisho hugawiwa wadogo, na wadogo nao wakinyang'anywa vifo vyao, hadithi hubaki bila ya kumbukumbu.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba istilahi zetu za "mhusika mkuu" na "mhusika mdogo" zitumiwe kwa hadhari tusomapo hadithi zisizo na mwisho, ziwe za katuni, za redio au za magazetini. Ukubwa wa mhusika haupimwi kwa mara ngapi ametajwa, bali kwa kitu gani kimempata ambacho hakiwezi kutanguliwa. Kwa kipimo hicho, mwenye hadithi hii si mvaaji wa vazi jekundu na buluu. Ni ami aliyeuawa, binti aliyeanguka, na msichana aliyeufunga mlango akabaki ndani.