Masika ya Nyuki: Istilahi Moja na Historia Yake

Mfasiri apewaye kitabu cha ufugaji wa nyuki kutoka Ulaya au Marekani hukutana mapema na sura ihusuyo kazi za majira yafuatayo baridi kali. Baadhi ya wafasiri huyaita majira hayo masika. Twaona istilahi hiyo inapotosha, na historia ya kazi yenyewe yaonyesha sababu.

Zamani wafugaji wengi wa Ulaya ya kaskazini walitumia mizinga ya mabua yaliyosukwa. Masega yaliambatana na mzinga, hata kuyakagua kulikuwa ni kuyakata. Baridi ilipopungua, mfugaji aliuinua mzinga kwa mikono tu. Ukiwa mwepesi, alijua nyuki wana njaa. Mwaka 1851 Mchungaji Lorenzo Langstroth wa Philadelphia alitambua kwamba nyuki huiacha wazi nafasi yenye upana wa milimita 6 hadi 9 hivi, wasiizibe kwa nta wala gundi. Akaiacha nafasi hiyo kuzunguka viunzi vya masega, na mwaka 1852 akapewa hataza. Kiunzi sasa kiliweza kuinuliwa na kurudishwa bila sega kuvunjika.

Ukaguzi wa kwanza wa mwaka hungoja siku yenye jua. Mfugaji hutazama akiba ya asali, mayai ya malkia, na majana. Wakati wa baridi nyuki hujikusanya fundo moja na kula kidogo. Malkia azidishapo kutaga, majana huhitaji joto la nyuzi 34 hivi, na akiba huisha upesi. Kundi lililovuka baridi yote laweza kufa njaa maua yakiwa karibu kabisa, lisipopewa shira ya sukari.

Lakini masika ya pwani yetu ni mvua za Machi hadi Mei. Bwana Nyuki akisoma kwamba walishwe “mwanzoni mwa masika”, atafuata kalenda asiyoandikiwa. Isitoshe, nyuki wetu hawana baridi ya namna hiyo ya kuvuka. Chakula kikikosekana, mara nyingi kundi zima huhama na kumwachia mfugaji mzinga mtupu.

Twapendekeza “majira ya kuchipua”, kwa kuwa hutaja mimea, ambayo ndiyo mfugaji aitazamayo. Na pale wengine waandikapo “koloni la nyuki”, “kundi” latosha. Koloni tuwaachie wanahistoria.