Kamba Iliyofunguliwa Msikitini



Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba siku moja Bwana Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini Madina akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza kamba ile ni ya nini. Akaambiwa ni ya Bibi Zaynab: akisimama kusali usiku akachoka, huishika asianguke. Bwana Mtume akaamuru ifunguliwe, na akafundisha kwamba mtu asali wakati ana nguvu, na akichoka aketi.

Zingatieni, ndugu zangu. Bibi yule hakukesha kwa mchezo wala kwa ngoma. Alikesha kwa sala. Ikiwa kamba iliyofungwa kwa ajili ya sala ilifunguliwa, basi hizi kamba zetu, tunazojifungia usiku kucha kwa mambo yasiyofika hata robo ya sala, tutazitolea udhuru gani?

Wala jambo hili halikutokea mara moja. Salman alipomzuru nduguye Abu Dardaa (R.A.) alimkuta anafunga mchana na anataka kusimama usiku wote, mpaka mkewe amekata tamaa naye. Salman akamlazimisha alale, kisha usiku ulipokaribia kwisha akamwamsha wakasali pamoja. Akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumba yake wana haki. Habari ilipofika kwa Bwana Mtume, alisema kuwa Salman amesema kweli. Kwa hivyo usingizi si uvivu. Ni haki ya mwili, na mwenye kuizuia haki amedhulumu, hata kama aliyedhulumiwa ni nafsi yake mwenyewe.

Lakini binadamu hakuacha kutafuta kamba nyingine. Katika karne ya 15, watu wa tarika huko Yaman walikunywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Kahawa ikafika Makka, na mwaka 1511 mkubwa wa mji, Khair Beg, akaipiga marufuku. Marufuku yale hayakudumu, ikaenea dunia nzima, hata kwenye baraza zetu. Leo wataalamu wanajua namna inavyofanya kazi. Mtu akiwa macho, ubongo wake hukusanya kitu kiitwacho adenosini, nacho huleta uzito wa usingizi. Kahawa huziba mahali ambapo kitu hicho hushika, lakini haikiondoi. Deni liko pale pale, ila mdai amezuiliwa mlangoni.

Sikatai kwamba wanavyuoni wetu walikesha. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameeleza kwamba katika ujana wake wa kusoma hakulala usiku mmoja ukatimia. Lakini huyo huyo, katika kitabu chake cha Qanun, aliuweka usingizi na kukesha miongoni mwa mambo sita ya lazima ambayo afya husimama juu yake, pamoja na hewa na chakula na kinywaji. Ujana wake ulimwambia hivi, na elimu yake ikamwambia vile.

Kisha ikaja kamba kubwa kuliko zote. Mwaka 1879 Thomas Edison wa Marekani alionyesha taa yake ya umeme. Kabla ya hapo mafuta na mishumaa vilikuwa na gharama, na giza lenyewe lilimpeleka mtu kitandani. Taa ya umeme ikaufanya usiku kuwa kama mchana: viwanda vikaendelea kufanya kazi, maduka yakabaki wazi, na watu wakaanza kuona fahari kusema, "Mimi hulala saa nne tu."

Fahari hiyo ilipimwa. Tarehe 28 Desemba 1963, kijana wa skuli mwenye miaka 17, Randy Gardner wa San Diego, alianza kukesha kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, na hakulala mpaka tarehe 8 Januari 1964. Alimaliza saa 264, yaani siku 11. Daktari aliyemwangalia aliona hasira zikimpanda bila sababu, kumbukumbu ikimpotea, na macho yakimwonyesha yasiyokuwapo. Siku ya mwisho aliambiwa ahesabu kutoka 100 akiondoa 7 kila mara. Alipofika 65 akanyamaza. Alipoulizwa mbona amenyamaza, akasema amesahau alichokuwa akifanya. Aliposhika umri, yeye mwenyewe alisimulia kwamba usingizi umemkimbia miaka mingi, akaona kama analipishwa ya ujana.

Mtasema, "Nani kati yetu anakesha siku 11?" Hakuna. Lakini sikilizeni hili. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza habari za watu waliolala saa 6 au pungufu kwa wiki mbili. Akili zao zilidhoofika kama za watu waliokesha usiku mmoja au miwili mizima, na wengi wao hawakujijua. Walidhani wamezoea! Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mwenye njaa huijua njaa yake, lakini aliyekosa usingizi hupoteza kwanza ile akili ambayo angejitambulia.

Na madhara hayamwishii mwenyewe. Mwaka 1984 binti wa miaka 18 alifariki saa chache baada ya kulazwa hospitalini mjini New York. Watu walibishana sana juu ya sababu ya kifo chake, lakini mzozo ule ulifichua kwamba madaktari vijana walikuwa wakifanya kazi hata saa 36 mfululizo. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kanuni kwamba wasizidishe saa 80 kwa wiki wala saa 24 mfululizo. Kamba ilifunguliwa, lakini baada ya msiba.

Ama mwili, madaktari wanasema kwamba mwenye kupunguza usingizi miaka na miaka hujiweka karibu na shinikizo la damu, kisukari, unene na maradhi ya moyo, na kinga yake hupungua. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 mpaka 12.

Hapa pa watoto hapana budi nikiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi chuoni aliyesinzia juu ya juzuu yake kila asubuhi. Nilimwita mvivu, na bakora nilimpiga. Siku moja, nikienda msikitini kabla ya alfajiri, nilipita kwao nikamwona uani na mama yake wakipika maandazi ya kuuza, mtoto akichochea moto. Tangu saa tisa ya usiku alikuwa macho. Mimi niliyekuwa nikisomesha Hadithi ya kamba nilimchapa aliyefungwa, badala ya kumfungua. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, nikampa somo lake baada ya adhuhuri akiwa amekwisha lala. Hakusinzia tena. Mtoto yule hakuwa mvivu hata siku moja.

Basi tuangalieni, ndugu zangu. Wapo wasio na hiari: mlinzi, muuguzi, mama mwenye mtoto mchanga. Hao wasaidiwe, wapumzishwe mchana, wala wasipigiwe kelele. Lakini wengi wetu kamba tumejifungia wenyewe, na siku hizi kamba ni simu iliyo mkononi mpaka saa nane ya usiku, kisha alfajiri inatupita. Bwana Mtume alichukia mazungumzo baada ya Isha, na alikuwa akilala mwanzo wa usiku na kuamka mwisho wake. Mwenye kutaka sala ya usiku, aanze kwa kulala mapema.

Dawa ya deni ni kulipa, na mwili ni mdai asiyesahau. Tumlipe leo kwa hiari kabla hajaja kudai kwa nguvu. Na kila mzazi na kila mwalimu, kabla ya kuinua bakora, aulize kwanza mtoto amelala saa ngapi.

Wabillahi tawfiq.