Meza ya Pool Inayojilipia Kibera na Kawangware

Mwaka 1908, Joseph Fourestier Simpson wa Vineland, jimbo la New Jersey, alipewa hataza ya mchezo wa kuviringisha mpira kwenye njia ya mbao hadi uruke na kutumbukia katika shimo lenye alama. Mchezo huo ndio Skee-Ball. Njia zake za kwanza zilizidi futi 30, na bila mkono wenye nguvu mpira haukufika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zilikatwa zikawa futi 14. Watoto wakaweza kucheza, na mwenye ukumbi akapata nafasi ya kuweka mashine nyingine pale palipokuwa na moja. Siku hizi Mmarekani mpenda vya kale huinunua mashine hiyo ikiwa imetupwa ghalani, akaipeleka nyumbani, akaipiga msasa, akaifunga taa za LED na kompyuta ndogo ya kuhesabu alama, kisha akang'oa kisanduku cha sarafu ili familia icheze bure. Ni kazi nzuri ya mikono, sina ugomvi nayo. Lakini Nairobi kuna ukarabati wa aina nyingine, nao hauandikwi. Ndugu wa karibu wa Skee-Ball katika mitaa ya Kibera na Kawangware ni meza ya pool ya kutia sarafu, na fundi anayeifufua hafanyi alivyofanya yule wa Marekani. Hubadilisha karibu kila kitu, ila kisanduku cha sarafu hukiacha mahali pake. Hoja yangu ni kwamba huyu wa pili ndiye anayeitendea haki historia ya michezo hii, kwa sababu mashine hizi zilizaliwa zikiwa kazini.

Historia yenyewe ni ya kupunguza na kubadilisha. Snuka ilianzishwa na maafisa wa jeshi la Uingereza huko Jabalpur, India, mwaka 1875, juu ya meza ya futi 12 ambayo ilitaka ukumbi mzima na watumishi wa kuutunza. Wakoloni walikuja na mchezo huo Afrika Mashariki na kuufungia ndani ya klabu zao. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1901, ile ya Muthaiga ikafunguliwa mkesha wa mwaka 1914, na Mwafrika aliyeingia humo aliingia kubeba sinia. Meza iliyokuja kufika Kibera haikutoka huko. Ilitoka kwenye baa: ni meza fupi ya futi 6 au 7, iliyoenea katika baa za Uingereza kuanzia miaka ya 1960 ikiwa na tundu la sarafu ubavuni. Aliyeifupisha hakuwa akihifadhi urithi wa mtu. Alitaka baani pake pabaki nafasi ya wanywaji.

Hata mipira haina asili ya kulindwa. Katika karne ya 19 mipira bora ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na ndovu mmoja alitoa mipira michache tu. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka bara, ikabebwa mabegani na wapagazi hadi pwani, ikavuka hadi Zanzibar na kupakiwa merikebuni kwenda Ulaya na Marekani. Katika jimbo la Connecticut miji ya Ivoryton na Deep River ilijengwa juu ya biashara hiyo. Bei ilipopanda, watengenezaji wa meza Phelan na Collender wa New York walitangaza mwaka 1863 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt alihangaika na swali hilo hadi akapata seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza duniani. Kwa hiyo mpira wa plastiki ngumu unaogongwa leo chini ya bati, Gatwekera ya Kibera au Gatina ya Kawangware, si mwigo hafifu wa kitu halisi. Kitu halisi kilikuwa jino la ndovu, na hakuna mwenye akili anayetaka kukirudisha, hasa katika mji ambao mbuga yake iliteketeza tani 105 za pembe tarehe 30 Aprili 2016.

Basi fundi anabadilisha nini? Meza ya kiwandani ina bamba la jiwe chini ya kitambaa, kwa sababu jiwe halipindi. Lakini jiwe ni zito na likipasuka halina dawa, kwa hiyo mahali pake huwekwa ubao mnene ulioungwa na kuchongwa. Kingo za raba zikikauka mpira hurudi kivivu, nazo hukatwa na kugundishwa upya. Kitambaa huchanika pale fimbo zinapochimba, tena karibu daima ni sehemu ileile ya kufungulia mchezo. Miguu hupata skrubu za kuinua na kushusha, na hapo ndipo fundi wa kweli hujulikana, kwa pimamaji. Meza iliyoinama kidogo hulipa wenyeji na kuwaumiza wageni: anayecheza hapo kila siku anajua mpira utapindia wapi. Ukinitaka nitaje kitu kimoja ambacho ukarabati hauna ruhusa ya kukipoteza, nitataja usawa wa uso wa meza kabla ya mbao, rangi au jina la kiwanda.

Kitu cha pili kimejificha tumboni. Sarafu ikitiwa na ulimi wa chuma kusukumwa ndani, mlango hufunguka na mipira iliyofungiwa huviringika hadi upande wa wachezaji. Mipira ya rangi inayoingia shimoni hunaswa hadi sarafu nyingine. Mpira mweupe lazima urudi, la sivyo mchezo umekwisha kwa kosa la kwanza. Mashine huutambuaje? Katika meza za aina ya Uingereza mipira ya rangi ina kipenyo cha karibu milimita 51 na mweupe karibu 48. Tofauti hiyo ya milimita tatu huupitisha mweupe kwenye njia yake mwenyewe. Ndiyo maana mweupe ukipotea na mtu akaziba pengo kwa mpira wowote aliouokota, meza humeza mpira huo na watu huanza kuipiga mateke. Ujuzi wa kulijua hilo na kuchonga njia mpya ya mbao yenye kipimo sahihi hautofautiani na ujuzi wa anayefunga kompyuta kwenye Skee-Ball. Tofauti ni kwamba wa huku anafanya kazi huku mwenye baa akihesabu saa za hasara.

Mahali napo pameiunda meza. Chumba cha kawaida Kibera ni futi 10 kwa 10, au 12 kwa 12. Meza ya futi 7, ukiongeza nafasi ya kurudisha fimbo nyuma, inataka karibu futi 16 kwa 13. Haiwezi kuwa kifaa cha nyumbani hata mtu akipewa bure. Lazima ikae bandani au mbele ya duka, na ikikaa hapo ni ya mtaa. Ardhi inaongeza sharti jingine. Kawangware ni sehemu ya Dagoretti, ambako viwanja vingi ni vya watu binafsi, na mwenye ploti anaweza kuijengea meza sakafu ya saruji. Kibera, ambako askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walianza kukaa mwanzoni mwa karne ya 20, imekuwa ardhi ya serikali kwa sehemu kubwa. Wanubi wenyewe walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Julai 2018 tingatinga ziliingia kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wanaokadiriwa kufika 30,000 wakapoteza makao. Katika mtaa wa namna hiyo, meza inayofunguliwa kwa spana na kubebwa vipandevipande usiku mmoja ina thamani kubwa kuliko ya jiwe. Anayeiita meza ya ubao "duni" anaipima kwa chumba asichoishi ndani yake.

Kuna watakaosema kwamba kwa njia hii hakuna kinachobaki, na kizazi kijacho hakitajua meza ya kwanza ilifananaje. Wana haki kwa kiasi fulani. Meza moja ya zamani ikihifadhiwa jinsi ilivyo, na tundu lake la shilingi ya wakati huo, itafundisha mengi. Moja inatosha.

Lawama nzito ni ile ya wazazi na machifu: kwamba meza inafuga uvivu na kamari. Jibu la haraka ni kusema vijana hawana kazi, lakini hilo ni kukwepa. Tuangalie mashine yenyewe. Mashine za kamari zilizosambaa mitaani katikati ya muongo uliopita, ambazo serikali ilizikusanya na kuziteketeza kwa wingi mwaka 2018, zimepangwa ili mwenyewe ashinde kadiri muda unavyokwenda. Ustadi wa mchezaji haubadilishi hesabu. Meza ya pool inauza mchezo. Haijui nani ameshinda, wala haimlipi mtu. Dau likiwekwa, limewekwa na wachezaji, kama linavyowekwa kwenye drafti au mechi ya soka kati ya Gor na AFC. New York ilishindwa kutofautisha hayo: ilipiga marufuku pinball mwaka 1942, meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akivunja mashine zake kwa nyundo, na katazo likaondolewa mwaka 1976 baada ya kuonyeshwa kwamba mchezaji stadi anaweza kutabiri mpira utakakokwenda. Kuhusu pombe, wakosoaji wana hoja nzuri zaidi. Meza nyingi zilifika na baa na zinaishi kwa baa. Hata hivyo sheria ya vileo ya 2010, ile iliyobeba jina la mbunge Mututho, ilipozuia baa kufunguliwa kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, haikufanya meza kuwa pombe. Meza iliyotolewa nje ya baa, chini ya bati lake lenyewe, inapunguza tatizo ambalo chifu analilalamikia, naye angefanya vyema kuiacha.

Limebaki suala la malipo, ambalo ndilo usasa wenyewe. Tundu la sarafu lina ubaya mmoja mkubwa: bei imechongwa kwenye chuma. Sarafu ya shilingi 20 ilipoanza mwaka 1998, mwenye meza aliyetaka kupandisha bei kutoka shilingi kumi alilazimika kuruka hadi mara mbili, kwa sarafu hiyo mpya au kwa mbili za kumi. Shilingi 15 haikuwezekana. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, inaondoa kifungo hicho, na mtunzaji mwenye ufunguo wa kufungulia mipira anaweza kutoza bei moja mchana na nyingine Ijumaa usiku. Lakini mtunzaji anataka mshahara, simu inataka mtandao, na mwenye meza aliyekuwa akigawana makusanyo ya kisanduku na mwenye baa sasa anategemea rekodi ya simu ya mtu wa tatu. Sarafu haitaki stima, haitaki jina la mlipaji, na kisanduku hufunguliwa mbele ya wote wawili. Fundi atakayefunga kifaa cha malipo ya simu afanye hivyo bila kuukata ule ulimi wa chuma, maana mtandao ukipotea jioni ya mechi mchezaji mwenye mbao, yaani sarafu ya shilingi 20, mfukoni bado atataka mipira yake.